Mjusi wa Bibi kwenye Kadi za Mahafali

Ukikata soli ya ndala kwa wembe, inatoa harufu. Siyo mbaya, wala siwezi kusema ni nzuri. Ni harufu ya mpira uliotembea juani, yenye vumbi kidogo na jasho la nyayo. Hapa dukani kwangu Ruangwa, karibu na stendi, nachonga mihuri ya kadi karibu kila siku, na siku hizi nina mpira safi wa kununua na visu vidogo vya kila ncha. Lakini wiki iliyopita mpira uliniishia huku mteja wa kadi za harusi amenikaba kooni anazitaka jioni ileile. Nikavua ndala yangu ya kushoto nikaikata kisigino. Harufu ikapanda, nikajikuta nacheka peke yangu mpaka mteja akauliza kama kuna mtu ananitekenya.

Yeye sikumwambia. Ninyi nitawaambia, maana ni jambo ninalojivunia mpaka leo, ingawa lilianza kwa aibu ambayo kijiji kizima kilishika mbavu kwa kuicheka.

Nililelewa na bibi mzaa mama, kule Lionja, upande wa Nachingwea. Mama alikuwa ameolewa tena Liwale, na baba, basi, tumwache huko aliko. Bibi yangu, Hadija binti Mchela, alikuwa Mmakonde wa Newala aliyeletwa Umwerani, kwa Wamwera, na ndoa. Babu alipofariki watu walidhani atafunga mizigo arudi kwao, hakurudi. Alibaki na mikorosho yake, shamba la ufuta, na mimi. Aliniita mke mwenza, kama mabibi wanavyowatania wajukuu wao wa kike. "Mke mwenza, jua limeshaingia jikoni, mume wetu atakunywa nini?" Mume wetu alikuwa kaburini tangu sijazaliwa. Nami nilimjibu nikiwa bado nimejifunika shuka, "Leo zamu yako, mke mkubwa."

Bibi alikuwa na nembo. Vijana wa leo huenda hamjaziona, kwa hiyo niseme vizuri: ni chale za urembo walizochanjwa mabinti zamani, wakapakwa masizi mpaka zikabaki na rangi ya samawati iliyoiva chini ya ngozi. Mashavuni alikuwa na mistari ya kwenda na kurudi kama meno ya msumeno, na kwenye paji almasi tatu zimepangana. Tukiwa nyumbani alitembea na uso wake wazi. Akija mgeni wa serikali au mwalimu, au tukienda sokoni Nachingwea mjini, aliivuta kanga mbele mpaka ikabaki pua na kipini chake. Nilizoea, sikuwahi kumuuliza kwa nini.

Shuleni tulikuwa na Mwalimu Koku, mama mmoja kutoka Bukoba, mrefu, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde. Ndiye aliyetufundisha kutengeneza kadi. Karatasi tulichuna kwenye mifuko ya saruji, tabaka la ndani lile safi. Gundi ilikuwa uji mzito wa muhogo. Juu yake tulibandika vipande vya vitenge tulivyookota kwa fundi cherehani, maganda ya mahindi yaliyonyooshwa chini ya jiwe, punje za ufuta zilizopangwa mojamoja, manyoya ya kanga wale wa kuruka. Halafu mihuri. Unachora ua kwenye soli ya ndala iliyokufa, unakata pembeni kwa wembe mpaka ua libaki limeinuka, unalibandika kwenye kipande cha mti, unaligonga kwenye wino, unaligonga kwenye kadi. Wenzangu walikata nyota na maua. Mimi, na nisamehewe kwa kujisifu, nilikata kuku mwenye kila unyoya wake, hadi Mwalimu Koku akamchukua yule kuku akampeleka ofisini kumwonyesha mwalimu mkuu.

Nilipofika darasa la saba, shule ikataka kadi za kualika watu kwenye mahafali yetu. Mwalimu Koku akasimama mbele ya darasa akasema kadi arobaini atatengeneza Zainabu. Zainabu ni mimi. Akaongeza, "Na sitaki ua la kwenye kalenda. Nataka kitu cha kwenu, mtu akikishika ajue kimetoka hapa."

Kitu cha kwetu! Nilitembea nacho njia nzima. Nikafikiria korosho, nikaiona ni kitu cha kwenye magunia. Nikafikiria uso wa Bibi, lakini nembo za usoni nilikuwa nimezizoea mno, naziona kila siku kama mlango wa nyumba. Ile nzuri hasa, ile ambayo tangu mdogo nikiogeshwa naye kwenye ua wa nyasi nilikuwa naifuata kwa kidole mpaka ananipiga kofi la mkono, ilikuwa tumboni. Chini ya kitovu cha Bibi palikuwa na mjusi. Amenyoosha miguu minne, mkia umejikunja, kulia na kushoto kazungukwa na mistari inayopanda na kushuka. Nilimjua kwa moyo. Nilimchonga siku mbili kwenye soli ya ndala ya mguu mkubwa, nikamgonga kwa wino wa zambarau wa ofisi ya shule kwenye kadi zote arobaini. Pembeni nikampangia ufuta, chini nikambandikia utepe wa kitenge. Mwalimu Koku alipoziona alikaa chini. Kadi zikagawiwa siku ileile.

Ninyi mnaotoka kusini mmeshanielewa, na najua mmeshaweka mkono mdomoni. Mimi sikujua. Nembo ya usoni ni ya watu wote. Ya tumboni ni ya mtu na mume wake, na fundi aliyemchanja, na wenzake waliokaa naye ndani siku za unyago. Basi. Hakuna mwanamume mwingine wa kumwona mjusi yule, mwenye tumbo awe hai au maiti.

Kesho yake asubuhi nilikuwa natwanga kisamvu, Bibi anapepeta mchele, tukasikia kicheko kinakuja njiani. Alikuwa Bibi Somoe, jirani yetu, Mmakonde mwenzake, aliyechanjwa pamoja naye kwa wembe mmoja. Alikuwa ameshika kadi juu.

"Hadija! Hadija we! Umetembea mpaka ofisi ya kijiji na huku umekaa unapepeta mchele!"

Bibi akaichukua ile kadi. Alikuwa hajui kusoma, lakini hapakuwa na haja. Aliitazama, akaigeuza, akaitazama tena. Ungo ukateleza mapajani.

"Nani kamchora huyu?"

"Mimi, Bibi."

"Umemtoa wapi?"

Nikanyoosha kidole kuelekea tumboni kwake. Bibi Somoe akakaa chini mavumbini, akalia kwa kucheka.

"Wamepewa nani na nani?" Bibi akauliza, polepole sana.

Nikawataja, bado nikidhani nasifiwa. Mwenyekiti wa kijiji. Mtendaji. Bwana shamba. Wazazi wa wanafunzi wote. Shehe wa msikiti.

"Na shehe?"

"Na shehe, Bibi."

"Toba!" Akaivuta kanga ikafunika uso mzima, na sauti ikatokea humo ndani. "Shehe anatembea na tumbo langu mfukoni!"

Sikuchapwa. Afadhali ningechapwa. Bibi aliniambia maneno mawili tu, kwamba kwenye mahafali yangu haendi, halafu akaacha kusema nami. Alisema na kuku. "Kuku, mwambie huyo mtu maji yameisha." "Kuku, mwulize huyo mtu kama chumvi aliyotia ni ya mboga au ya kukausha ngozi." Nikawa nachota maji na kulia, nalia na kuchota maji.

Niwaeleze kwa nini nililia namna ile. Kwenye mahafali ya shule yetu jina lako likiitwa unapanda mbele, na mtu wako anainuka kwenye viti, anakuja na kanga mpya kukufunga mabegani, huku wanawake wanapiga vigelegele. Mwaka uliotangulia kuna msichana aliitwa, akapanda, hakuinuka mtu. Alisimama pale, mikono haijui ikae wapi, mpaka mwalimu mkuu akaita jina linalofuata. Mimi nilimwona kwa macho yangu. Mama alikuwa Liwale, mjamzito wa miezi yote tisa, hawezi kupanda gari. Nilikuwa na mtu mmoja tu duniani wa kuinuka, na mtu huyo alikuwa anasema na kuku.

Nilimwendea Mwalimu Koku, nikamweleza. Alicheka mpaka akavua miwani, halafu akaacha ghafla. "Ni kosa langu pia," akasema. "Mimi ni mtu wa mbali, nilitakiwa kuuliza." Akanipa karatasi nyingine na kunituma nichonge muhuri mwingine, nizungushe kadi mpya na kurudisha za zamani.

Jioni nikakaa uani na soli nyingine. Nilikuwa naanza kuchonga ua, ndiyo, lile la kwenye kalenda, Bibi alipopita nyuma yangu. Akasimama. Kuku hakuwepo, ikabidi aseme na mimi.

"Hilo nini?"

"Ua."

"Aka! Ua gani lina tumbo kama kobe." Akaketi, akavua kanga kichwani, akanisogezea uso. "Uso wangu wameuona wote. Kata huo. Tumbo liache. Na mkia wake unakunjwa kulia, wewe umeukunja kushoto."

Nikakata. Bibi alikuwa mkali kuliko mwalimu yeyote niliyewahi kumpata. Kila nikiinua wembe anaukamata mkono wangu: hapo umepinda, hapo umekwenda ndani mno, almasi haichuchumai, almasi inasimama. Akaniambia alichanjwa akiwa na umri kama wangu, mara tatu juu ya kidonda kilekile ili rangi ishike, na kila mara fundi akipaka masizi yaliyochanganywa na mafuta ya nyonyo.

"Sikulia," akasema. "Mwulize Somoe. Somoe alilia mpaka mbuzi wakajibu. Mimi nilikaa, nikamwambia fundi asiharakishe." Halafu akanisukuma kichwa. "Wewe unakata mpira, mpira haulii, halafu unakosea!"

Wino wa shule ulikuwa umekwisha kwa zile arobaini za kwanza. Bibi akakwangua masizi kwenye chungu, akayaponda na mafuta ya nyonyo kwenye kifuu. Weusi ule hamjauona. Uliingia kwenye karatasi ya saruji ukatulia, na mashavu ya Bibi yakatokea kwenye kadi moja baada ya nyingine, zimeanikwa juu ya mkeka uani kote. Aliziinamia akazitazama moja moja.

Siku mbili nilizunguka na kikapu, natoa kadi mpya, napokea ya zamani. Shehe alinirudishia yake ikiwa ndani ya bahasha, akitazama juu ya paa. Mwenyekiti alisema hakuona kitu ila ufuta. Bibi Somoe peke yake alikataa. "Mimi nimealikwa na mjusi," akasema, "na kwa mjusi nitaingia." Zilizorudi nikazipeleka kwa Bibi, naye akazitia jikoni chini ya sufuria ya maharage, moja moja, mpaka ya mwisho. Nikavuta pumzi. Nikamuuliza kama sasa atakwenda.

"Siendi," akasema.

Hee! Nilisimama pale na kikapu kitupu. Hakuwa na hasira tena. Alisema kama mtu anayesema leo ni Jumatano. Nikamwomba, nikamtania, nikamwita mke mkubwa, nikamwahidi nitatwanga mwezi mzima. Siendi. Mahafali yalikuwa yamebaki siku tatu.

Nikaenda kulia kwa Bibi Somoe. Alikuwa anachambua mboga, aliniacha nimalize kulia kwanza.

"Kadi ya bibi yako iko wapi?"

"Bibi tunakaa naye nyumba moja," nikamjibu.

"Sikuulizi mnakaa wapi. Nimekuuliza kadi."

 Bibi Somoe akaendelea kukata mashina ya mboga. "Wamemtumia salamu kutoka shuleni akawasaidie kupika pilau. Mwiko wamempelekea. Kadi hawakumpelekea, na wewe uliyeshika muhuri hukumpelekea. Watu arobaini wamealikwa kwa uso wake, mwenye uso akakae jikoni. Ungekuwa wewe ungekwenda?"

Nilikimbia njia nzima. Katika mamia na maelfu ya kadi nilizotengeneza tangu hapo, hakuna niliyoifanyia kazi kama ile. Nilichuna karatasi nyeupe kuliko zote. Kwa nje niligonga nembo za uso wake kwa ule wino wake mwenyewe, nikazungushia ufuta punje kwa punje, nikabandika unyoya wa kanga. Kwa ndani nilikata mlango mdogo wa kitenge unaofunguka, na nyuma ya mlango nikamchonga upya mjusi, mkia ukiwa upande aliosema Bibi ndio wenyewe, nikamgonga pale ambapo hamwoni mtu asiyeufungua. Juu nikaandika kwa kalamu, herufi kubwa, jina lake lote na la baba yake.

Halafu nikafanya kitu ambacho sikuwahi kufanya maishani. Nilitoka nje ya nyumba yetu wenyewe, nikazunguka mpaka mbele, nikasimama mlangoni nimeshika kadi kwa mikono miwili, nikapiga hodi.

 Nikasikia ndani anajifunga kanga. "Karibu," akasema, kwa sauti ya kumkaribisha mgeni.

Nikaingia, nikapiga goti, nikampa. Nikamsomea jina lake, nikamsomea siku na saa, nikamsomea kwamba anaalikwa na Zainabu, mhitimu. Alifuata kila neno kwa kidole ingawa hakuwa anajua neno lipi ni lipi. Akaugusa ufuta. Akakiona kile kitenge, akakiinua kidogo kwa ukucha, akachungulia. Akakifunga haraka, akanitazama, na mdomo ukaanza kumcheza.

"Mkia sasa uko sawa," akasema. Kama atakuja au haji, hakusema.

Siku ya mahafali tulikuwa tumepangwa mstari karibu na mlango wa ukumbi, mashati meupe, soksi za kuazima. Mwalimu Koku alikuwa mlangoni anapokea wageni. Wageni walipita tu, nani atauliza kadi kijijini, wote wanajuana. Nikamwona Bibi anakuja. Amevaa kanga mpya doti nzima, na ya kichwani ameifunga nyuma ya shingo, uso wote uko nje, paji na mashavu, mbele ya mtendaji na walimu na wageni kutoka Nachingwea mjini.  Akafika mlangoni, akasimama.

"Pita mama, karibu," Mwalimu Koku akasema.

Bibi hakupita. "Mwalimu, huulizi kadi?"

"Wewe tunakufahamu, mama. Pita tu."

"Uliza kadi."

Nyuma yake mstari wa watu ukaanza kurefuka. Mwalimu Koku akamtazama, halafu, Mungu ambariki popote alipo, akajinyoosha kama askari. "Mama, naomba kadi yako."

Bibi akaitoa kifuani, imefungwa kwenye leso. "Soma. Kwa sauti."

Mwalimu Koku akasoma kwa ile sauti yake ya kuita watu ng'ambo ya bonde: Bibi Hadija binti Mchela. Ukumbi mzima ukageuka. Halafu akaona kile kitenge, kidole kikaenda kutaka kukifunua, Bibi akamdaka mkono.

"Hapo ishia, mwalimu! Hapo pananihusu."

Bibi Somoe, aliyekuwa nyuma yake na mjusi wake mkononi, ndiye aliyeanza vigelegele. Bibi akaingia, akaupita mlango wa kuelekea jikoni bila kugeuza shingo, akaenda kuketi safu ya mbele, kadi magotini. Jina langu lilipoitwa alikuwa ameshasimama kabla halijaisha.

Kwa miaka mingi nilisimulia kisa hiki kama ushindi wa mikono yangu. Nilidhani ni uzuri wa ile kadi uliomtoa nyumbani, na nilitamba nao, ndio ulionipa moyo wa kufungua duka. Nilikuwa mtu mzima, mimi mwenyewe naandika majina ya watu kwenye bahasha, ndipo siku moja nikaanza kuzikumbuka harusi zote za Lionja nilizokwenda nikiwa mtoto, na kila harusi nikimtafuta Bibi kwenye kumbukumbu yangu namkuta mahali pamoja: nyuma ya nyumba, kwenye moshi, na mwiko mkononi. Alikaa kijiji kile zaidi ya miaka arobaini. Walimpenda, sikatai, walimwita kila palipokuwa na shughuli. Walimwita aje kupika. Hakuna aliyewahi kupiga hodi kwake na jina lake limeandikwa, kumwambia aje akae.

Mimi ndiye wa kwanza.